Zamu Tatu Bila Makabidhiano: Kisa cha Nyumba Moja ya Dar es Salaam

Usuli wa kisa

Familia inayozungumziwa hapa ni ya watu saba. Inaishi pembezoni mwa Dar es Salaam katika nyumba yao wenyewe ambayo, kama zilivyo nyingi za eneo hilo, ilihamiwa kabla haijakamilika ili kukwepa kodi ya pango. Majina, mtaa na mahali pa kazi vimeachwa, na mambo machache ambayo yangeweza kuwatambulisha yamebadilishwa kwa ridhaa yao. Mama wa nyumba, ambaye nitamwita Mama K., ni muuguzi anayefanya kazi kwa zamu. Mumewe ni karani katika ghala la mizigo, hutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi baada ya saa mbili usiku. Wana watoto watatu: wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha sita, wa pili alikuwa darasa la sita, na wa mwisho alikuwa na miaka 3. Bibi yao mzaa baba anaishi nao, pamoja na dada wa kazi mwenye umri wa miaka 22.

Mama K. alikuwa mwanafunzi wangu wa sayansikimu katika shule ya sekondari. Aliponipigia simu mwezi Agosti hakuzunguka: "Mwalimu, shikamoo. Nyumba imenishinda." Niliwatembelea mara sita kati ya mwezi huo na mwezi Mei uliofuata, na haya ninayoyaeleza ni yale niliyoyaona mwenyewe au niliyosimuliwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani humo.

Ni lazima ieleweke tangu mwanzo kwamba nyumba hiyo haikuwa chafu. Sakafu ilidekiwa kila asubuhi, vyombo havikulala bila kuoshwa, na uani palifagiliwa kabla jua halijatoka. Kilichokosekana ni mpangilio. Kochi moja la sebuleni halikuwa limekaliwa kwa miezi, kwa sababu ndipo nguo zilizoanuliwa kambani ziliposubiri kukunjwa, na kabla hazijaisha nyingine zilikuwa zimeshaanuliwa. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kupigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tuliihesabu tukafika 63, tukachoka. Droo ya meza ya televisheni ilikuwa na chaja 14, na zilizofanya kazi zilikuwa 5. Chumba cha nne, ambacho hakijapigwa lipu, kilijaa mabaki ya ujenzi: vigae, vipande vya nondo, mbao za kenchi na makopo ya rangi.

Tukio lililosababisha kuomba ushauri

Mtoto wa kwanza alitakiwa kuomba mkopo wa elimu ya juu, na ombi hilo huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Cheti hakikuonekana. Mama K. alibadilishana zamu na mwenzake ili apate siku ya kukitafuta, siku moja ikawa tatu, na katika siku hizo kabati la nguo lilitolewa vitu vyote mara mbili. Baba K. alidai kwamba alikwisha kumkabidhi mkewe, Mama K. alidai kwamba hakuwahi kukishika tangu kilipotolewa nakala kwa ajili ya usajili wa mtihani. Kwa kauli ya bibi, ambaye hakuwa upande wa yeyote, "walikuwa wanatafuta cheti huku wanapoteza heshima."

Cheti kilipatikana siku ya tatu jioni ndani ya mfuko mbadala uliotundikwa kwenye msumari wa chumba cha vifaa vya ujenzi, katikati ya madaftari ya darasa la nne ya mtoto wa pili. Aliyekiweka huko ni dada wa kazi. Alipoulizwa alijibu kwa upole, na jibu lake ndilo kiini cha kisa chote: "Mama, si ulisema karatasi zote za shule ziwekwe pamoja? Nilikikuta ndani ya bahasha ya shule."

Dada huyo hakuwa amekosea. Alipewa kanuni akaifuata vizuri kuliko yeyote nyumbani. Lakini yeye aliyeweka si yeye aliyetafuta, na waliotafuta hawakujua kanuni hiyo ilitumikaje mikononi mwake.

Hatua ya kwanza: maboksi na Jumamosi moja

Kabla sijafika, familia ilikuwa imeshachukua hatua. Mama K. alinunua Kariakoo maboksi 8 ya plastiki yenye mifuniko, na Jumamosi moja nyumba nzima ikageuzwa. Sababu ya uamuzi huo inaeleweka: aliona tatizo ni wingi wa vitu, na mtu anayeona wingi hutafuta mahali pa kuutia. Isitoshe, siku ya mapumziko ilikuwa moja tu, na kazi inayoonekana ikiisha kwa siku moja huvutia kuliko ile isiyo na mwisho.

Siku hiyo vitu vingine viligawiwa. Miongoni mwake kulikuwa na masufuria mawili makubwa, mkeka wa ukili na godoro la zamani, ambavyo vilichukua nafasi na havikuwa vimetumika kwa miezi kadhaa. Bibi hakuulizwa, kwa kuwa alikuwa amekwenda kumtazama jamaa mgonjwa. Wiki ya tatu kukatokea msiba kwa jirani wa nyumba ya pili. Kwa kawaida ya mtaa huo masufuria ya kupikia wafiwa na wageni hutoka majumbani, na yale mawili yalikuwa yakifahamika. Mjumbe alikuja kuyaomba, na bibi akalazimika kusema hayapo. Hakugombana na mtu, ila kwa wiki mbili aliacha kuingia jikoni, na katika nyumba ambayo mama yuko zamu ya usiku, jambo hilo liliongeza mzigo kuliko masufuria yenyewe.

Maboksi nayo yalikuwa na mwisho wake. Mwezi wa kwanza sebule ilipendeza. Mwezi wa pili kila boksi lilikuwa limegeuka mahali pa kutupia kitu ambacho mtu hakujua pa kukiweka, na kwa kuwa mifuniko ilificha yaliyomo, kutafuta kulimaanisha kuyafungua yote manane. Masika yalipoingia mwezi Machi, nguo za akiba zilizofungiwa humo zikiwa na unyevunyevu kidogo zilianza kutoa ukungu. Shuka jeupe la harusi ya Mama K. lilitoka na madoa ya kijivu ambayo hayakutoka hata kwa kuanikwa juani siku tatu.

Hatua ya pili: ratiba ukutani

Mwezi Septemba nilishauri ratiba ya kazi, nami nikiri kwamba ushauri huo ulikuwa mbaya. Tuliandika siku na majina, tukabandika ukutani karibu na friji. Ratiba ya zamu ya Mama K. hubadilika kila wiki, na mara nyingine hubadilishwa siku hiyohiyo mwenzake akiugua. Kufikia wiki ya pili kazi za Jumatano zilikuwa za mtu ambaye Jumatano hakuwepo. Karatasi ilibaki ukutani hadi ikapata mafuta ya kupikia, kisha dada akaitumia kuwashia mkaa.

Hatua ya tatu: makabidhiano

Wazo lililofanya kazi halikutoka kwangu. Hospitali nyingi za umma nchini hutumia utaratibu wa kupanga mahali pa kazi uitwao 5S, uliozaliwa viwandani Japani na kuingizwa katika huduma za afya Tanzania kuanzia mwaka 2007 kwa ushirikiano wa wizara ya afya na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikitangulia. Kwa Kiswahili hatua zake tano zinajulikana kwa wauguzi wengi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mama K. alikuwa ameusimamia wodini kwa miaka kadhaa. Nilimuuliza kwa nini toroli la dawa la wodini halipotezi kitu ilhali nyumbani kijiko cha dawa ya mtoto hakionekani. Alidhani jibu ni lebo. Alifikiri kidogo, akajisahihisha: "Hapana. Kule siondoki mpaka nimkabidhi mtu."

Wodini muuguzi anayetoka hueleza hali ya kila mgonjwa kwa anayeingia, na kabati la dawa zinazodhibitiwa hukabidhiwa kwa kuhesabu, wote wawili wakiwa wamesimama. Nyumbani kwake kulikuwa na zamu vilevile: ya alfajiri iliyoshikwa na dada na bibi, ya mchana iliyobadilika kila wiki, na ya usiku iliyoshikwa na Baba K. mkewe akiwa kazini. Nyumba ilipokezanwa mara tatu kwa siku bila mtu kumwambia mwenzake chochote.

Tulikubaliana mambo matatu. La kwanza lilikuwa kuchagua vitu vichache tu vya kukabidhiwa, ambavyo vikikosekana siku inaharibika: funguo za akiba, kadi za bima ya afya, kadi ya kliniki ya mtoto mdogo, pesa ya matumizi, sare ya kesho na chaja moja ya simu ya nyumbani. Vyote, isipokuwa sare, viliwekwa katika sinia moja la bati juu ya friji. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri. Ndipo kila mtu alipokuwa akiweka vitu vyake bila kufikiri anapoingia, na nilishaona kwamba kumbadilisha mtu mahali anapotua mzigo ni kazi ngumu kuliko kuweka sinia pale anapoutua.

La pili lilikuwa daftari. Lilitundikwa jikoni kwa uzi, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi huohuo, na kila anayetoka aliandika mistari isiyozidi mitatu. Bibi haoni vizuri maandishi, kwa hiyo mtoto wa darasa la sita alimsomea na kumwandikia, kazi ambayo aliifurahia kuliko nilivyotarajia. Siku za mwanzo daftari lilikuwa la kulaumiana: "Nani amemaliza sabuni?" Mama K. akaweka sharti kwamba pasiandikwe swali, iandikwe hali tu.

La tatu, na ndilo lililohitaji mazungumzo marefu zaidi, lilikuwa kumpa dada mamlaka ya jikoni. Hadi wakati huo kila mtu mzima alimwelekeza pa kuweka vyombo: Mama K. alitaka hotipoti juu, bibi alizitaka chini anapozifikia, Baba K. alitaka kikombe chake kisichanganywe. Dada aliulizwa angepanga vipi kama jiko lingekuwa lake. Alitumia alasiri moja. Alivitoa vyombo vyote, akatenga mifuniko 9 ambayo vyombo vyake havikuwepo tena, akashusha vya kila siku usawa wa mkono na kupandisha vya wageni. Mifuko mbadala aliichambua kwa ukubwa, akabakiza 12 na mingine akampelekea muuza genge. Kisha aliwaita bibi na Mama K., akawaonyesha kimoja baada ya kingine, na Mama K. alirudia kwa sauti kama anavyofanya wodini.

Nyaraka zilishughulikiwa peke yake. Zilikusanywa kutoka mahali 7 tofauti, zikatiwa katika bahasha za kaki, kila mtu na yake, na bahasha zikaingia katika tranka la bati ambalo mtoto wa kwanza alikuwa amerudi nalo kutoka bweni. Tulipendelea bati kwa sababu mende na panya hawalipiti, na tukaliinua juu ya matofali mawili ili lisishike unyevu wa sakafu. Risiti za ada ziliwekwa pamoja na nakala zake zilizotolewa kwa mashine, kwa maana karatasi za risiti zinazochapwa kwa joto hufifia, na mbili tulizozikuta zilikuwa zimebaki nyeupe kabisa. Namba ya mita ya umeme iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito ukutani kando ya swichi kuu. Kabla ya hapo, kila LUKU ilipokatika usiku, mtu alitoka nje na tochi kuisoma kwenye mita.

Matokeo

Mwezi Agosti nilimwomba Mama K. aandike kwa wiki moja muda uliopotea kutafuta vitu kabla ya kutoka. Ilikuwa wastani wa dakika 35 kwa siku, ukihesabu watu wote. Alipoandika tena mwezi Mei ilikuwa dakika 10 hivi. Kipimo hiki si cha kisayansi, kwani mwandishi alikuwa yeye mwenyewe na alijua ninachotaka kusikia, lakini bibi naye alithibitisha kwamba kelele za alfajiri zilikuwa zimepungua.

Jaribio halisi lilikuja mwezi Februari, dada alipoamua kurudi kwao. Katika nyumba nyingi nilizowahi kuziona, dada wa kazi akiondoka huondoka na ramani ya nyumba kichwani. Safari hii alikaa siku tatu zaidi, akalipwa siku hizo, na akamkabidhi mwenzake jiko kwa mtindo uleule aliomkabidhi bibi. Nyaraka na sinia havikuyumba hata kidogo. Jiko liliyumba kwa takriban mwezi mmoja, kwa sababu dada mpya ni mfupi na mpangilio wa mtangulizi wake haukumfaa, lakini alijizuia kuubadilisha akiogopa kuonekana mkaidi. Mama K. alipogundua, alimwambia apange upya.

Kochi la sebuleni lilirudi kukaliwa kwa sababu ndogo kuliko zote. Kamba ya kuanikia ilihamishwa ikawa karibu na kibaraza, na nguo zikawa zinakunjwa hapohapo zinapoanuliwa, bibi akiwa ameketi kwenye mkeka mpya ulionunuliwa badala ya ule uliogawiwa.

Chumba cha mabaki ya ujenzi kiko vilevile.

Uchambuzi

Ushauri mwingi wa kupunguza vitu umetungwa kwa ajili ya nyumba ambazo maji hayakatiki. Familia hii ilikuwa na madumu 11, jiko la gesi na la mkaa, taa za kuchaji nne, na mtu anayehesabu vitu pacha angesema nusu yake ni ziada. Mgao wa maji ulipoendelea siku nne mwezi Novemba, madumu yote yalitumika isipokuwa mawili yaliyokuwa na nyufa. Jiko la mkaa liliivisha maharage siku ambayo mtungi uliisha na pesa ya kuujaza ilikuwa haijapatikana. Hivyo swali la iwapo kitu kimetumika katika miezi sita iliyopita halikutufaa. Tulilazimika kuuliza kitu hiki kinaokoa siku gani, na kama kikiitoka nyumba hii tutakiazima kwa nani. Masufuria ya shughuli yangelipita swali hilo kwa urahisi, kwa sababu hayakuwa ya nyumba ile peke yake. Yalikuwa sehemu ya namna familia inavyosimama mtaani. Kuyagawa ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na lingeepukwa kwa kumsubiri bibi siku mbili.

Kuhusu chumba cha ujenzi, mwanzoni nilimwona Baba K. kuwa ndiye kikwazo. Alikataa hata kipande cha nondo kisitolewe. Baadaye alinichukua akanionyesha kimoja kimoja: vigae hivi ni vya bafu la nje, mbao hizi ni za dari ya chumba hichohicho. Kwake ile haikuwa takataka, ilikuwa nyumba ambayo bado haijasimama. Hoja yake ina uzito, ingawa makopo ya rangi yaliyokauka sidhani kama yatapaka chochote. Tulichokubaliana ni mbao kuinuliwa kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa, na orodha ya vilivyomo kubandikwa mlangoni. Chumba hakipendezi, lakini hakuna tena kitu cha familia kinachopotelea humo, kwa kuwa msumari wa kutundikia mifuko uling'olewa.

Maboksi hayakushindwa kwa sababu ni maboksi. Yalinunuliwa kabla haijaamuliwa yanabeba nini, na yakiwa na mifuniko isiyoonyesha yaliyomo katika mji wenye joto la unyevunyevu. Yaliyobaki matatu yanatumika vizuri bila mifuniko, moja likiwa la viatu vya shule. Lebo nazo tulizijaribu jikoni zikachekesha zaidi ya kusaidia. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa chumvi. Zilifaa mahali pamoja tu, kwenye bahasha za nyaraka, ambako bahasha zote zinafanana na anayetafuta huwa na haraka.

Jambo ninalolipa uzito zaidi ni mamlaka ya dada wa kazi. Ndiye aliyegusa vitu vingi kuliko yeyote, na ndiye pekee ambaye hakuwa na sauti ya kusema vikae wapi. Kila mpango uliotungwa na Mama K., na hata ule nilioutunga mimi, ulikuwa maagizo kwa mtu ambaye angeutekeleza sisi tukiwa hatupo. Mpango ulipotungwa na dada mwenyewe ulidumu, na hata ulipovunjika mwezi Februari ulivunjika mahali pamoja tu, pale ambapo dada mpya hakujua kwamba mamlaka hayo ni yake pia. Naona hapo ndipo tulipozembea: tulikabidhi vyombo, hatukukabidhi haki ya kuvihamisha.

Siku ya ziara yangu ya mwisho nilifungua daftari la jikoni wakati chai inachemka. Ukurasa wa siku hiyo ulianza kwa mwandiko wa dada mpya: "Maji yametoka saa nane usiku, madumu tisa yamejaa. Kadi ya kliniki iko kwenye mkoba wa mama. Chumvi imekwisha." Chini yake Mama K., aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alikuwa ameandika: "Chumvi ipo, nyuma ya unga." Na chini ya hapo, kwa mwandiko wa mtoto wa pili, kwa niaba ya bibi: "Nimeihamisha. Iko karibu na jiko."